Mvua ikibadilika, maji ya mtoto nayo hubadilika

Mama, mtoto mwenye kuharisha anapoletwa zahanati, kuna swali ambalo siliachi: maji anayokunywa mnayachota wapi? Jibu huja haraka. "Palepale tunapochota siku zote, nesi."

Jibu hilo huwa ni la kweli, na ndilo lililonifanya niandike haya. Namkumbuka mama mmoja aliyenijibu hivyo mwanzoni mwa msimu wa mvua, amempakata mtoto wa mwaka mmoja na miezi kidogo, macho ya mtoto yameingia ndani, midomo imekauka. Mvua kubwa ya kwanza ilikuwa imepiga siku tatu kabla, baada ya kiangazi kirefu kuliko tulivyozoea. Maji yalichotwa palepale, kwa dumu lilelile, na mtu yuleyule. Ila maji yenyewe hayakuwa yaleyale.

Mtoto alipona kwa sababu aliletwa mapema. Mimi nilibaki na funzo langu. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimesimama kliniki nikawaambia akina mama wachemshe maji ya kunywa, nikaona nimemaliza kazi. Nilipomuuliza yule mama kama alichemsha, alinitazama kwa upole akasema, "Kuni zimelowa zote, nesi. Hata ugali tunapika mara moja." Hilo sikuwa nimelifikiria. Tangu siku ile, ushauri wangu kuhusu maji unaanza na mvua, ndipo unafika kwenye sufuria.

Maji ya Milepa yanatoka wapi

Ukisimama Milepa ukatazama upande wa machweo, unaona ukuta wa milima. Huo ndio ukingo wa uwanda wa juu wa Ufipa, safu za Lyamba lya Mfipa. Sumbawanga mjini iko huko juu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mwinuko wa kama mita 800. Sisi wa bondeni tuko katikati, chini ya mlima na juu ya ziwa. Mvua inayonyesha milimani ndiyo inayotulisha maji kwa sehemu kubwa: mengine hushuka na mito, mengine huzama ardhini na kutembea polepole chini kwa chini, hadi yatokee kama chemchemi au yakutwe na mchimba kisima.

Ziwa lenyewe halina mto unaotoka. Maji yakishaingia, njia yake ya kuondoka ni jua kuyakausha, na chumvi na magadi hubaki. Kwa hiyo ziwa hili huvimba na kunywea kufuata mvua kuliko maziwa mengi unayoyajua. Mbuga zinazolizunguka, ambazo mwaka mmoja ni maji na mwaka mwingine ni nyasi, ndizo zilizolifanya bonde la Rukwa lijulikane Afrika nzima kama mazalia ya nzige wekundu. Kupanda na kushuka kwa ziwa, basi, si jambo la jana. Maji yake ya magadi si ya kunywa, na kwa bahati mbaya vimelea vya kipindupindu huvumilia vizuri maji yenye magadi na chumvi kidogo. Ukiwa na jamaa kwenye kambi za wavuvi, mkumbushe hilo.

Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Wenzetu wa Arusha, Bukoba au Tanga wana misimu miwili, vuli na masika. Vuli ikiwaponyoka, wanaisubiri masika. Sisi msimu ukichelewa au ukikatika, tunasubiri mwaka mzima ujao. Visima vyetu vinajazwa mara moja kwa mwaka.

Kiasi kilekile cha mvua, maji machache zaidi

Watu wengi hudhani tatizo ni mvua kupungua. Wakati mwingine ndivyo ilivyo, lakini kuna jambo jingine ambalo halionekani kirahisi. Chukua ndoo moja ya maji uende kwenye tuta lako la mchicha. Ukimwagilia taratibu, asubuhi kidogo na jioni kidogo, udongo unakunywa wote. Ukimimina ndoo nzima kwa mkupuo kwenye udongo uliokauka, maji yanateleza juu, yanabeba udongo na kukimbilia mtaroni, na ukichimba kwa kidole unakuta chini bado kukavu. Ndoo ilikuwa moja, lakini mchicha haukupata kiasi kimoja.

Mvua nayo iko hivyo. Ikigawanyika vizuri kwa miezi mitano, ardhi ya milimani inakunywa na kutunza akiba ya kiangazi. Kiasi hichohicho kikishuka kwa siku chache za dhoruba zenye mapumziko marefu katikati, mengi hukimbia juu ya ardhi. Bondeni tunapata mafuriko mwezi Januari, halafu mwezi Septemba kisima kimekauka, na watu hushangaa inawezekanaje mwaka mmoja ukawa na mafuriko na uhaba wa maji. Inawezekana kabisa, na kisababishi ni kimoja.

Kwa nini dhoruba zinakuwa kali? Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 za Selsiasi, hewa inaweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke, na dunia imeshapanda joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu enzi za viwanda vilipoanza Ulaya. Mvuke ukiwa mwingi angani, mvua ikiamua kushuka hushuka kwa nguvu. Kisha joto hilohilo hukausha udongo, madimbwi na mabwawa haraka zaidi mvua ikiisha. Juu ya hayo kuna mabadiliko ya joto la bahari, ya Hindi na ya Pasifiki, yanayofanya mwaka huu usifanane na uliopita. El Nino ya 2023 na 2024 mnaikumbuka.

Tusiisingizie mvua kila kitu, lakini. Msitu wa milima ya Mbizi, kule juu karibu na Sumbawanga, hufanya kazi ya sifongo: majani huvunja nguvu ya matone, mizizi huyafungulia maji njia ya kuzama. Mteremko ukilimwa hadi kwenye korongo, miti ikigeuka mkaa, ng'ombe wakikanyaga ukingo wa mto hadi udongo uwe mgumu kama sakafu, hata mvua nzuri ya taratibu itateleza. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Nenda kwenye chanzo chenu uhesabu hatua, kisha angalia shamba la kwanza linaanzia wapi.

Nyakati mbili za kuogopa

Kutokana na haya yote, kuna vipindi viwili katika mwaka ambapo maji ya palepale huwa hatari kuliko kawaida.

Cha kwanza ni mwisho wa kiangazi, Septemba hadi mvua inapoanza. Vyanzo vingi vimekauka, kwa hiyo kijiji kizima, pamoja na mifugo, hukusanyika kwenye vichache vilivyobaki. Watu huchimba visima vya mchangani kwenye mito iliyokauka. Maji yanayochuja kwenye mchanga huonekana meupe na baridi, na kweli mchanga huchuja kidogo. Lakini kisima kile hakina mfuniko, kila mtu anatumbukiza kata yake, ng'ombe wamepita usiku, na maji ni machache kiasi kwamba uchafu mdogo unatosha kuyaharibu yote. Kama hamna namna ila kuchimba mtoni, chimbeni upande wa juu mnakotoka maji, mbali na mahali mifugo inapokunywa, zungushieni miiba, na mtumie kata moja ya pamoja yenye mpini mrefu ambayo hailazwi chini.

Kuna madhara mengine ya kipindi hiki ambayo hayaonekani kwenye maji yenyewe. Mama anapoamka saa tisa usiku kwenda foleni, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane. Na maji yakiwa ya taabu, kitu cha kwanza kupunguzwa nyumbani ni kunawa mikono. Simlaumu mtu. Ila nasema wazi: mikono isiyonawa baada ya chooni na kabla ya kumlisha mtoto inaeneza kuharisha sawasawa na maji machafu. Kibuyu chirizi, lile dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba, hutumia maji kidogo sana kwa kila mnawaji. Sabuni ikikosekana tumia majivu.

Kipindi cha pili ndicho kinachonitisha zaidi: mvua kubwa ya kwanza. Kwa miezi sita kinyesi cha watu na cha wanyama kimekaa juu ya ardhi, vichakani, makorongoni, pembezoni mwa njia. Hakikuwa na maji ya kukisafirisha. Mvua ya kwanza inakikusanya chote kwa saa moja na kukimiminia mtoni na kwenye visima vilivyo wazi. Vyoo vya shimo vilivyo bondeni hujaa na kufurika. Nasi tunafurahi, maana tumechoka na foleni: maji yamekuja mlangoni! Watoto wanaoga kwenye mtaro. Mama anajaza madumu yote.

Zamani kipindi hiki kilikuja mara moja na watu walikitarajia. Siku hizi mvua inaweza kuanza, ikakata wiki tatu, ardhi ikakauka na kupata uchafu upya, kisha ikaanza tena. Maana yake hatari hiyo inapita mara mbili, hata mara tatu kwa msimu mmoja. Madimbwi yanayobaki katikati huzalisha mbu, na chandarua kimekunjwa kwa sababu "mvua bado". Mkulima naye hupanda mara mbili, mbegu ya pili ni ya kununua, na mama anashinda shamba la mbali na mtoto mgongoni, anakunywa na kumnywesha maji ya hukohuko.

Bonde letu limeshapata kipindupindu, na mlipuko wa mwaka 2018 wengi wanaukumbuka. Sisemi hivyo kuwatisha. Nasema kwa sababu kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu ndani ya saa chache, na mtoto kwa haraka zaidi, ilhali dawa yake kubwa ni maji safi yenye chumvi na sukari yakitolewa mapema.

Kuyafanya maji yawe salama, kulingana na msimu

Nianze na kuchemsha, maana ndiko kunakojulikana. Wengi wetu tumefundishwa kuyaacha maji yachemke muda mrefu, dakika kumi, hata nusu saa. Huko ni kuchoma kuni bure. Yakishachemka kwa mapovu makubwa yanayopanda kutoka chini ya sufuria, yaache dakika moja, toa. Vijidudu vinavyoharisha vimekufa. Ukiwa juu sana milimani, kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, yaache dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajafikia joto la huku bondeni. Ukiokoa kuni kwa namna hii, kuchemsha maji ya mtoto kila siku kunakuwa jambo linalowezekana.

Na hizo kuni, mama, weka mzigo mmoja ndani kabla ya mwisho wa Oktoba, juu ya dari au chini ya kitanda, uwe ni wa maji ya kunywa tu. Usiupikie maharage. Huo ndio ushauri niliopaswa kumpa yule mama.

Maji ya mvua za kwanza huwa na tope, na tope huficha vijidudu. Yaache yatulie kwenye ndoo hadi tope lishuke, mimina ya juu taratibu, kisha yachuje kwa kitambaa. Kuhusu kitambaa kuna jambo la kufurahisha. Huko Bangladesh, ambako kipindupindu ni mgeni wa kila mwaka, watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu katika vijiji hivyo. Kitambaa kikuukuu kilifaa kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kubana matundu. Khanga yako ya zamani inaweza kufanya kazi kama hiyo. Ikunje, chuja, kisha ifue na kuianika juani. Lakini kuchuja peke yake hakutoshi. Ni hatua ya kwanza, halafu unachemsha au unatia dawa.

Dawa ya maji, kama vidonge vya WaterGuard, ni msaada mkubwa siku kuni zimelowa. Soma maelekezo ya pakiti kuhusu kidonge kimoja ni cha lita ngapi, maana si vyote vina nguvu sawa, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa bado na tope, dawa hupungua nguvu, ndiyo maana tulitangulia kuyatuliza na kuyachuja. Wengine wanalalamikia harufu. Yakikaa wazi kidogo kwenye chombo safi chenye kitambaa juu, harufu hupungua. Uvumi kwamba dawa hii inafunga kizazi nimeusikia mara nyingi. Si kweli, ni klorini, ileile inayotiwa kwenye maji ya bomba mjini.

Kiangazi, jua letu la bondeni linaweza kufanya kazi hiyo bila kuni. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, jaza maji maangavu, ilaze juu ya bati kuanzia asubuhi, angalau saa 6 za jua kali. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Kupima kama maji ni maangavu vya kutosha, weka chupa juu ya maandishi makubwa. Ukiweza kuyasoma kupitia chupa, yanafaa.

Maji ya paa la bati ni mazuri kuliko ya mtoni, kwa sharti moja: mvua ya kwanza ni ya kuoshea bati. Bati limebeba vumbi na kinyesi cha ndege miezi yote ya kiangazi. Acha mvua ya mwanzo ipite, na hata katikati ya msimu acha dakika chache za mwanzo zipite kabla ya kukinga. Paa la nyasi likingie maji ya kufulia.

Sasa kitu ambacho huharibu kazi yote hii. Nimeingia nyumba ambazo maji yamechemshwa vizuri kabisa, kisha yamewekwa kwenye ndoo iliyo wazi, kikombe kinaelea ndani, na kila anayepita anatumbukiza mkono. Maji salama yawekwe kwenye dumu lenye mdomo mwembamba na kizibo, uyamimine badala ya kuyachota. Kama una ndoo tu, iwe na mfuniko, na kata yenye mpini itundikwe ukutani, mtoto asiifikie. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho ni kinyesi. Kuna imani kwamba hakina madhara kwa kuwa ananyonya tu. Kitupe chooni, si nyuma ya nyumba.

Mambo ya kijiji, kwa kifupi

Kuna ambayo nyumba moja haiwezi. Choo kijengwe mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko, angalau mita 30 kutoka kisimani, na kichimbwe kiangazi. Mradi wa maji ukiharibika, siku hizi unasimamiwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA, wakala iliyoundwa mwaka 2019. Uliza kwenye mkutano wa kijiji nani yumo kwenye chombo hicho na fedha za ndoo zinakwenda wapi. Nimeona pampu ikisimama miezi kwa kukosa kifaa kidogo, huku kila mtu akidhani mwingine ameshatoa taarifa. Na wanawake waingie humo, kwa sababu wao ndio wanaojua kisima kinaanza kupungua wiki gani.

Kila mwaka karibu na Novemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu kwa mikoa yetu. Husikika redioni. Wanaume husikiliza kwa ajili ya mbegu. Wewe sikiliza kwa ajili ya kuni, dawa ya maji na ORS.

Mtoto chini ya miezi sita

Joto likizidi, bibi atakuambia mtoto ana kiu, mpe maji kidogo. Bibi anampenda mjukuu wake, mjibu kwa heshima, lakini usimpe. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Mtoto akinyonya mara nyingi zaidi siku ya joto, kiu yake inaisha, na hakuna kijidudu kilichoingia. Wewe mama ndiye unayepaswa kunywa maji zaidi, yaliyo salama. Pia asikose chanjo ya rota, inayoanza akiwa na wiki 6. Inamkinga na aina mojawapo kali ya kuharisha.

Akishaanza kuharisha

Usisubiri uone itakuwaje. Mwanzie ORS nyumbani siku hiyohiyo: pakiti moja kwenye lita 1 ya maji salama, si kwenye glasi, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apate robo hadi nusu kikombe, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10 uanze tena polepole zaidi. ORS ikikosekana usiku, koroga lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Onja: kisizidi chumvi ya machozi.

Endelea kunyonyesha. Endelea kumpa uji, wa ulezi au wowote aliouzoea. Kumnyima chakula "tumbo lipumzike" kunamdhoofisha. Ukifika zahanati omba vidonge vya zinki. Mwenye miezi 6 na zaidi hupewa miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu kuhara kukikoma. Maliza dozi, maana inamkinga na kuharisha kwa miezi michache inayofuata.

Mlete mara moja, awe amekunywa ORS au la, ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, hakojoi, amelegea au hazinduki vizuri, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, ana damu kwenye kinyesi, au ukimfinya ngozi ya tumbo taratibu inarudi polepole. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka kwa wingi, iwe kwa mtoto au mtu mzima, hicho ni cha dharura. Mjulishe pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii ili majirani wanaochota mahali pamoja nanyi wajue. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko, hata kwenye bodaboda, simameni kila baada ya muda. Mto ukiwa umefurika na njia imekatika, piga simu kwanza, usivuke na mtoto mgongoni. Ukifika, usikae kwenye foleni: mwambie wa kwanza utakayemwona amevaa sare kwamba mtoto anaharisha na amelegea, na umwambie maji mnayachota wapi.